Ganzi ya vidole na gereji ya uani: ninavyoendelea kufufua Land Rover, Massey Ferguson na Lister nikiwa na kisukari

MLETA UZI (Muheza)

Heshima kwenu wanajukwaa.

Agosti mwaka jana nilishinda kutwa nzima na nati ndani ya buti la kushoto. Ilikuwa nati ya kawaida ya Land Rover, ile inayofunguliwa kwa spana ya nusu inchi, na bila shaka ilidondokea humo usiku, kwa kuwa mabuti nilikuwa nikiyaacha chini ya benchi. Nilivaa saa moja asubuhi, nikashusha giaboksi, nikaenda dukani kununua oili na kurudi kwa miguu, nikala mchana, nikafunga kazi saa kumi na moja. Nilipovua soksi nilikuta nati imejizika chini ya kidole gumba na soksi imegandana na ngozi kwa damu. Sikuwa nimehisi chochote. Kidonda kile kilichukua wiki 11 kufunga, na muuguzi aliyekuwa akinisafisha aliniambia waziwazi kwamba nimepona kwa bahati, kwa sababu wenzangu wawili tuliokuwa tukikaa nao benchi moja kliniki walikatwa vidole.

Nimekuwa fundi makanika kwa miaka 34, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia katika karakana ya shamba la mkonge, nikitunza matrekta, injini za dizeli na ile mashine ya kuchakata mkonge ambayo kila aliyeishi shambani anaijua kwa jina la korona. Nilipostaafu nilisimamisha banda la mabati uani, nikafunga winchi ya mnyororo kwenye boriti, na wateja wakanifuata: wenye Land Rover za zamani zinazoshusha iliki kutoka Amani, wenye matrekta ya Massey Ferguson 135, na wenye mashine za kusaga zinazoendeshwa na injini za Lister. Kisukari kiligunduliwa mwaka 2009 na insulini nilianza mwaka 2017. Ganzi ilianzia kwenye vidole vya miguu, ikapanda kama soksi, kisha ikahamia mikononi kama glavu, na wataalamu wananiambia kwamba ndiyo njia yake ya kawaida.

Siandiki ili nipewe pole. Ninaandika kwa sababu ganzi imenilazimisha kujifunza upya kazi niliyodhani naijua, na kwa sababu naona mafundi wengi wa rika langu wana kisukari, presha au mgongo, nao wanaficha mpaka siku mkono unapokosea juu ya gari la mtu. Ninachoshikilia ni kwamba fundi aliyezoea kuuamini mkono wake, mkono huo ukizimika, asijifanye bado unamwambia kitu. Ahamie kwenye kipimo, na pale ambapo kipimo hakifiki amwite mwenye mkono mzima.

Nitoe mfano wa tapeti, yaani kurekebisha mwanya wa vali, kwa kuwa hapo ndipo nilipogundua kwamba nimeharibikiwa. Injini ya petroli ya lita 2.25 ya Land Rover Series III inataka mwanya wa milimita 0.25 kwenye vali zote 8, za kuingiza na za kutoa. Tulifundishwa kuingiza kibapa cha fila geji, yaani kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, kati ya vali na roka, kile kikono kinachoisukuma, kisha kukivuta, na kilitakiwa kikwaruze kidogo kama noti inayochomolewa chini ya sahani. Mkwaruzo huo ndio uliokuwa jibu. Leo nikikivuta kibapa hicho, kiwe kimebanwa au kinaelea, kwangu ni mamoja. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nakisia, na injini zilitoka kwangu zikigonga kama cherehani kuukuu, huku nikisingizia kamshafti.

Sasa natumia vibapa viwili. Cha 0.25 lazima kipite, na cha 0.30 lazima kikatae. Hakuna mkwaruzo wa kuusikiliza. Kuna kupita na kukataa, na hilo naliona kwa macho. Mpangilio wa vali nao ni kazi ya kichwa: zikiwa 8, kila jozi hujumlishwa na kuwa 9, kwa hiyo vali ya 8 ikiwa imefunguka kabisa unapima ya 1, ya 7 ikifunguka unapima ya 2, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Kazi iliyokuwa ikinichukua nusu saa sasa inanichukua saa nzima, lakini injini inatoka kimya kuliko nilipokuwa na vidole vyangu vyote, jambo ambalo nalikubali kwa shingo upande.

Bolti za hedi, yaani kichwa cha juu cha injini, ni vivyo hivyo. Zamani nilivuta spana mpaka bega likaniambia basi. Kitabu cha injini hiyo kinataka pauni-futi 65 kwa bolti kubwa, yaani takriban nyutonimita 88, na ukiamini bega lenye umri wa miaka 61 utapata 50 hapa na 90 pale. Niliuza mashine yangu ya kuchomelea, ambayo cheche zake zilishanitoboa soksi mara mbili bila mimi kujua, na kwa fedha hiyo nikaenda Gerezani, Dar es Salaam, nikanunua toki renchi, yaani ile spana inayolia ikifikia nguvu uliyoitegesha, pamoja na kalipa na saa ya kupimia mchezo wa shafti. Mke wangu aliniuliza kama nimekwenda kununua vyombo vya hospitali.

Anayetaka kuuliza au kupinga, karibu.


MCHANGIAJI (Mbeya)

Shikamoo mzee. Naomba nitofautiane nawe kwa heshima zote. Tapeti zikikosewa injini itagonga na mwenye gari atarudi kulalamika, lakini umetaja magari yanayoteremka Amani, na barabara ile naijua kwa kona zake. Fundi asiyehisi vidole anapogusa breki za gari kama hilo, je, mwenye gari ameambiwa? Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa malori, alipata matatizo ya macho akanyamaza, na nisingependa kueleza yaliyofuata. Kwa nini usipumzike, vijana wakafanya?


MLETA UZI

Marahaba kijana wangu. Swali lako ni la haki, na nitalijibu kwa kueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Nati ya bomba la breki ni ndogo na meno yake ni membamba. Huianzishi kwa spana. Unaianzisha kwa ncha za vidole, unairudisha nyuma robo mzunguko mpaka uisikie imedondokea kwenye njia yake, ndipo unaizungusha mbele. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nabadilisha wili silinda ya nyuma, ile inayosukuma brekishu za gurudumu. Niliianzisha nati, nikaiona inazunguka, nikaikaza kwa spana. Ilikuwa imepanda meno upande. Binti wa dada yangu, aliyesomea ufundi wa magari VETA na ambaye ndiye mwenzangu wa kazi, alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu wakati mimi nakanyaga pedeli kutoa hewa, akaniambia, "Mjomba, acha kukanyaga." Tone la mafuta ya breki lilikuwa linaning'inia chini ya nati, dogo kuliko punje ya ulezi. Tulipoifungua, meno ya shaba yalitoka yamekunjamana kama uzi uliochomolewa kwenye nguo.

Gari lilikuwa halijaondoka. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu kosa hilo kipimo kisingelikamata: toki renchi ingelia vizuri kabisa juu ya nati iliyopanda upande. Tangu siku hiyo sianzishi nati yoyote ya breki, ya usukani wala ya bomba la petroli. Anaianzisha binti, mimi nakaza kwa kipimo, naye anakagua mara ya pili kwa tochi. Na kila mteja anaambiwa kabla hajaacha funguo kwamba fundi hapa ana ganzi ya mikono, na breki zitafungwa na mtu mwingine. Wawili walichukua magari yao wakaondoka, na sikuwalaumu.

Kuhusu kupumzika, nilijaribu kwa miezi minne baada ya kile kidonda. Nilikaa barazani, nikanenepa, na sukari ikapanda kuliko ilivyokuwa nikifanya kazi.


MCHANGIAJI (muuguzi, Moshi)

Nimeusoma uzi huu kwa makini kwa sababu nafanya kazi kliniki ya kisukari, na wagonjwa wa aina ya mzee huyu, yaani mafundi, wakulima na waashi, ndio tunaowachelewa mara nyingi. Namshukuru kwa kueleza habari ya nati bila kuona aibu. Nina maswali matatu. Mabuti unayakaguaje kabla ya kuvaa? Jioni unaosha miguu kwa maji ya namna gani? Na je, unapima sukari kabla ya kulala chini ya gari?

Kwa wasomaji wengine, kuna kipimo rahisi cha miguu ambacho hakina umeme wala sindano. Ni kijiuzi cha nailoni kilichotengenezwa kipinde kikisukumwa kwa uzito wa gramu 10. Tunakigusisha chini ya mguu huku mgonjwa amefumba macho, naye anasema anapokihisi. Asiyekihisi amepoteza hisia zinazomkinga, hata kama anatembea vizuri na hana maumivu yoyote. Kutokuwa na maumivu ndiko kunakowadanganya wengi.


MLETA UZI

Dada muuguzi, ahsante. Kijiuzi hicho nilipigwa nacho na nikakipenda, kwa kuwa ni fila geji ya miguu: ama unakihisi ama hukihisi, hakuna kubembelezana. Mimi sikukihisi mahali popote kuanzia kwenye vidole hadi katikati ya wayo.

Mabuti mwanzoni nilikuwa nikiingiza mkono ndani kukagua, mpaka binti akaniuliza mkono ambao hauhisi nati benchini utaihisije ndani ya buti. Alikuwa sahihi. Sasa nayapindua, nayagonga kwenye nguzo mara tatu, kisha namulika tochi hadi kwenye ncha. Usiku yanalala juu ya rafu, mdomo chini. Jioni nakagua nyayo kwa kioo cha pembeni cha Land Rover kilichokatika shina, nimekilaza sakafuni karibu na stuli. Ninakaa, ninaupitisha mguu juu yake, na kama mwanga hautoshi mke wangu anashika taa. Hicho kioo kimeshanionyesha kipande cha waya wa brashi ya chuma kilichokuwa kimesimama kisiginoni kama mwiba.

Maji ni ya moto, yenye chumvi, nusu saa. Najua utanigombeza.

Sukari napima, lakini kwa sababu mbaya. Siku moja nilichoma insulini asubuhi, nikanywa chai nyepesi, nikaahidi kula nikimaliza kufungua propela shafti. Nikiwa chalichali chini ya gari niliitazama spana mkononi nikashindwa kukumbuka inafanya kazi gani. Sikuogopa hata kidogo. Niliiona tu kama kitu cha ajabu. Binti aliona miguu yangu imeacha kusogea muda mrefu, akaita, sikujibu kwa maana, akanivuta kwa mabuti hadi nje. Nilikuwa nimelowa jasho na sukari ilisoma 2.6.


MCHANGIAJI (muuguzi, Moshi)

Sitakugombeza baba, ila maji hayo uyaache leo. Mguu usiohisi hauwezi kukwambia kwamba unaungua, na kuuloweka nusu saa kunalainisha ngozi kisha kuikausha mpaka ipasuke kisiginoni, na mpasuko ni mlango wa vijidudu. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, usiloweke, na maji yapimwe na mke wako, wala si wewe, kwa kuwa mikono yako nayo haiaminiki. Kausha katikati ya vidole, paka mafuta juu na chini ya mguu lakini si katikati ya vidole. Hata mikono usiisafishe grisi kwa petroli, maana nayo inakausha na kupasua. Tumia mafuta ya kula na sukari kusugua, kisha sabuni.

Kuhusu sukari, chini ya 4 ni ya kushuka. Anayeweza kumeza apewe sukari ya kawaida gramu 15, yaani kama vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15, na akishapanda ale chakula. Asiyejitambua asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na ujue kwamba aliyezoea kushuka mara kwa mara hupoteza dalili: kutetemeka na jasho havimwonyi tena, anakwenda moja kwa moja kwenye kuchanganyikiwa. Kwa hiyo "nitajihisi" si mpango.


MLETA UZI

Nimesikia, na mke wangu amesoma, kwa hiyo hakuna njia ya kukwepa. Maji yameachwa.

Kanuni ya gereji sasa ni kwamba siingii chini ya gari bila kupima, siingii peke yangu, na siingii ikisoma chini ya 6, kwa kuwa najua kazi itaishusha zaidi. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Gari linakaa juu ya stendi, na magurudumu yaliyobaki chini yanawekewa kabari. Kopo la sukari lipo juu ya jiliwa, yaani kile kibanio cha benchini, limepakwa rangi nyekundu. Nilitaka kutumia kopo lililokuwa na msasa wa kusagia vali, lililooshwa vizuri tu, lakini binti alikataa katakata. Insulini haikai gerejini kabisa, kwa sababu banda la mabati mchana linazidi nyuzi 30 kwa mbali, nayo inaharibika. Inakaa ndani ya nyumba, kwenye chungu kilichowekwa ndani ya chungu kingine, na katikati yake kuna mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni.


MCHANGIAJI (Mbozi)

Wakubwa kwa wadogo, hodi. Mimi si fundi kwa kusomea, ila nina mashine ya kusaga yenye Lister ya silinda moja, ile ya farasi 6 yenye magurudumu mawili makubwa, na nimeitengeneza mwenyewe miaka yote. Mwaka huu nimeambiwa moyo umepanuka. Dawa natumia, nafuu ipo, lakini kuiwasha kwa hendeli kunanimaliza. Nikishaiwasha nakaa chini robo saa nikitafuta pumzi. Je, mzee, kuna namna ya kuifanya iwe nyepesi?


MLETA UZI

Ndugu yangu wa Mbozi, kwanza hendeli hiyo iache leo, kisha tuzungumze. Kuwasha Lister ni kazi ya nguvu za ghafla huku mtu amebana pumzi, na kubana pumzi ukiwa umekaza mwili hupandisha presha kwa kishindo. Muulize daktari wako swali hilo hasa, "naweza kuzungusha hendeli ya injini?", maana ukimuuliza kama unaweza kufanya kazi nyepesi atasema ndiyo, naye hajawahi kuiona Lister.

Pili, injini nzima isiyo na kasoro haiombi ubabe. Lister ya namna yako inafanya kazi kwenye mizunguko 650 kwa dakika, polepole, na magurudumu yale mazito ndiyo yanayobeba nguvu ya kuwasha. Wengi wanakosea kwa kushindana na mgandamizo. Inua kile kiwiko cha injini, yaani wenzo mdogo, cha kushikilia vali ya kutoa iwe wazi, silinda isibane, zungusha mpaka magurudumu yapate mwendo, kisha achia kiwiko. Uzito wa magurudumu utaivusha pistoni juu bila bega lako. Kama hata hivyo inakataa, tatizo si nguvu zako. Angalia kama nozeli, yaani kinyunyizio cha dizeli, inalia injini inapozungushwa, ule mlio mkavu wa kukoroma; kama hailii, ama kuna hewa kwenye njia ya dizeli ama nozeli inadondosha badala ya kunyunyiza. Kisha angalia kama vali zinakaa. Niliwahi kuletewa injini iliyokuwa ikiwashwa na vijana wawili kwa zamu, na kosa lilikuwa vali ya kutoa iliyoungua ukingo. Baada ya kusagwa, mwenye mashine aliiwasha akiwa na kandambili.

Mwanao au kijana wako wa mashine ndiye azungushe. Mwelekeze dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke hendeli, kwa sababu injini ikirudisha nyuma huvunja dole gumba au kifundo cha mkono. Na mwenye shuka, kanga au koti lenye mikia asisogelee magurudumu. Wewe kaa kwenye kiti, ukisikiliza. Hayo masikio yako ya miaka mingi ndiyo kijana hana.


MCHANGIAJI (Mombasa)

Shikamoo mzee, na pole kwa yote. Mimi ni mtoto wa fundi wa jua kali. Babangu amepata kiharusi mwaka uliopita na mkono wa kushoto umebaki dhaifu. Ana Peugeot 504 yake mwenyewe aliyoifungua kabla ya kuugua na sasa anataka kuirudisha pamoja. Ndugu zangu wanataka vifaa viuzwe ili atulie. Mimi naona akikaa tu anazidi kuwa na hasira. Afanye kazi na mkono mmoja vipi?


MLETA UZI

Marahaba mwanangu, na baba yako mpe salamu za fundi mwenzake.

Vifaa visiuzwe kwanza. Mkono wa pili wa fundi mwenye kiharusi ni jiliwa. Ishusheni hadi usawa wa kiwiko chake akiwa amekaa, muifunge kwenye benchi zito lisilotikisika, na mumwekee mataya ya shaba au vipande vya mpira ili isikwaruze. Kabureta, distributa, stata, pampu ya maji, kila kinachoweza kutolewa kwenye gari kiletwe hapo, naye akifanyie kazi kwa mkono wa kulia huku jiliwa inashika. Sahani zenye sumaku zitamzuia kupoteza nati, na spana za pete ni salama kuliko za mdomo, kwa sababu mkono mmoja hauwezi kuzuia spana inayoteleza.

Mambo matatu asiyafanye hata akisisitiza. Asinyanyue hedi wala giaboksi, hata kwa winchi, akiwa peke yake. Asiingie chini ya gari. Na asishike grainda, kwa kuwa imetengenezwa kwa mikono miwili na diski ikikwama hukirusha kifaa kizima. Mkono dhaifu hautakizuia. Mengine yote ayajaribu, na anapokosea msikimbilie kumpokonya. Mimi binti aliniponza hapo mwanzoni kwa huruma; nilikuwa nikidondosha bisibisi anaiokota kabla haijatulia sakafuni, na nilijiona mgeni katika banda langu. Tulikubaliana asiokote mpaka nimwombe.


MCHANGIAJI (Mbeya)

Mzee, nimerudi, na nakiri kwamba jibu lako la breki limenituliza. Nina Massey Ferguson 135 inayoingiza hewa kwenye dizeli. Nimebadilisha filta, inawaka, inazima baada ya dakika kumi. Naomba mwongozo, na pia nataka kujua wewe mwenye ganzi unaifanyaje kazi hiyo.


MLETA UZI

Trekta hilo lina Perkins ya silinda 3, na kuzima baada ya dakika kumi mara nyingi ni hewa inayovutwa upande wa kabla ya pampu ndogo ya kuvutia, si baada yake, kwa sababu upande ule dizeli inavutwa na ufa hauvuji, unanyonya. Anza kwenye bomba la tangini, kikombe cha mchujo na mpira wake. Washa ukiwa umeweka kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha ndani badala ya lile la chuma. Viputo utaviona vinapita kama samaki. Angalia pia tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Nimekuta moja limezibwa na nyigu.

Kutoa hewa, legeza skrubu ya kwenye filta, piga ile pampu ndogo kwa wenzo wake wa mkono mpaka viputo viishe, funga. Fanya hivyo kwenye skrubu za pampu kubwa. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli, zungusha kwa stata mpaka dizeli itoke, kaza.

Sasa sikilizeni hapa, hata wenye vidole vizima. Bomba la nozeli likivuja injini ikiwa inazunguka, msitafute uvujaji kwa mkono. Nozeli hufunguka kwa shinikizo linalozidi mara 150 la hewa tunayovuta, na mchirizi mwembamba unapenya ngozi, unaacha kitundu kama cha sindano kisicho na damu, na mwanzoni hakiumi hata kwa mtu mzima wa afya. Ndani dizeli inaua nyama, na kidole hukatwa. Aliyepigwa aende hospitali saa ile ile na aseme wazi kwamba ni dizeli ya nozeli, asikubali kufungwa bandeji tu. Kwa mtu kama mimi, kitundu hicho ningekigundua baada ya siku tatu. Ninapitisha kipande cha katoni. Kikilowa mstari, uvujaji uko hapo.


MCHANGIAJI (Mbozi)

Nimerudi kutoa taarifa. Nozeli ilikuwa inadondosha. Imebadilishwa, na kijana wangu wa miaka 17 anaiwasha kwa mizunguko minne. Daktari alipoulizwa swali la hendeli alikataa hapo hapo. Mimi ninakaa kwenye kiti na kumkaripia kijana.


MLETA UZI

Hongera, ila mkaripie kidogo. Akishaiwasha mwangalie moshi: mweusi ukidumu, dizeli imezidi au injini imebebeshwa mzigo mno; wa buluu, oili inapita ringi za pistoni; mweupe asubuhi kisha unakwisha, iacheni.

Kwa upande wangu, ile Land Rover iliyonipa nati ya buti imeondoka leo. Giaboksi imefungwa, hedi imekazwa kwa kipimo, na dramu za breki zimesafishwa kwa kitambaa chenye maji, maana brekishu za zamani nyingi zilikuwa na asbesto na vumbi lake halipulizwi kwa kompresa. Mwenye gari alifika saa tisa. Nilimrudia yale yale, kwamba mikono yangu haihisi na kwamba breki zimefungwa na binti huyu. Akamtazama binti, akamtazama tena, akapanda, na kabla ya kugusa funguo akakanyaga pedeli ya breki mara tatu, akaishikilia ya nne kwa muda mrefu akiwa ameinamia chini kuangalia kama inazama. Haikuzama. Akawasha.